Maswali ya Wasomaji: Mtoto Hodari wa Masomo na Mpira, Achague Chuo Gani?

SWALI: Assalaam alaykum, Mwalimu. Mimi ni mzazi wa Wete, Pemba, nina shamba la mikarafuu na duka dogo. Mwanangu yuko kidato cha tano, anasoma Fizikia, Kemia na Hisabati, na katika mtihani wa kidato cha nne alipata Daraja la Kwanza kwa pointi 9. Ni beki wa kushoto wa timu ya mtaa wetu inayocheza ligi, na msimu uliopita klabu moja kubwa ya Unguja ilimtuma mtu kuja kumuangalia. Yeye mwenyewe anataka kusoma uhandisi katika chuo cha juu cha Marekani bila ya kuacha mpira. Yupo bwana mmoja anayesema kuwa anaweza kumpatia ufadhili wa mpira Harvard au Yale, ila kwanza nimlipe shilingi milioni tatu, na baadhi ya ndugu zangu wananishauri niuze sehemu ya shamba. Naomba unieleze: ufadhili huo upo? Na chuo huchaguliwa vipi kwa mtoto wa aina hii, ambaye sitaki masomo yake yazame kwa sababu ya mpira?

JIBU: Wa alaykum salaam, ndugu mzazi. Nianze na hizo milioni tatu, kwa sababu ndizo zilizo karibu kukutoka: usizitoe, wala usiuze mkarafuu hata mmoja kwa ajili yake. Harvard na Yale ni miongoni mwa vyuo vinane vya Ivy League, pamoja na Princeton, Columbia, Cornell, Brown, Dartmouth na Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na vyuo hivyo vyote vinane vimekubaliana tangu miaka ya 1950 kutotoa ufadhili wa michezo kwa mwanafunzi yeyote. Timu zao hucheza katika Divisheni ya Kwanza ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo vingi vya Marekani, lakini hakuna mchezaji wao anayelipiwa ada kwa sababu ya mpira. Bwana huyo anakuuzia kitu ambacho chuo chenyewe hakina.

Hata hivyo, naomba jibu hilo lisikuvunje moyo, kwa sababu mtoto mwenye pointi 9 na mguu mzuri wa kushoto ana pa kwenda. Linalohitajika ni kutenganisha mambo mawili ambayo wazazi wengi huyachanganya, yaani kukubaliwa na kulipiwa. Katika vyuo vyenye ushindani mkubwa wa kuingia, mpira unaweza kumsaidia katika la kwanza tu: kila mwaka kocha hupata fursa ya kuitajia ofisi ya udahili wachezaji wachache anaowataka, na ofisi hiyo, baada ya kuridhika na alama zao, humpa uzito mtu aliyetajwa. La pili hutoka ofisi nyingine kabisa, ambayo haiulizi mtoto amefunga magoli mangapi. Inauliza familia yake ina kipato gani. Kwa hiyo ukitafuta chuo kinachotoa ufadhili wa mpira utaikosa njia iliyo wazi zaidi kwa mtoto wako, ambayo ni chuo kinachogharimia mahitaji yote ya mwanafunzi wa kigeni asiye na uwezo, na ambacho kocha wake anamtaka beki wa kushoto.

Vyuo hivyo si vingi, na majina yake yanafaa kuandikwa ukutani. Harvard, Yale, Princeton, Dartmouth, MIT, Amherst na Bowdoin humpima mwombaji wa nje bila ya kujali kama familia yake inaweza kulipa, na vikimkubali hulipa pengo lote baina ya gharama na uwezo wa nyumbani. Gharama hizo, ukijumlisha ada, chakula na malazi, sasa zinapita dola 80,000 kwa mwaka, kwa hiyo tofauti baina ya chuo kinacholipa pengo lote na kile kinachotoa punguzo la nusu ni tofauti baina ya kwenda na kutokwenda. Williams na Swarthmore nao hulipa pengo lote kwa wale wanaowakubali, ila wakati wa kuamua huangalia pia kama mwombaji wa kigeni atahitaji fedha nyingi, na hapo ndipo sauti ya kocha inaponifanya nivihesabu bado. Msaada wa aina hii una jambo moja ninalolipenda kuliko ufadhili wowote wa mpira: haufungwi na kucheza. Mtoto akivunjika goti mwaka wa pili, au kocha aliyempenda akihamia chuo kingine, jambo ambalo hutokea mara nyingi, ada yake inaendelea kulipwa kwa kuwa ililipwa kwa sababu ya hali ya nyumbani kwake.

Kuhusu kiwango cha mpira wenyewe, MIT, Amherst, Bowdoin, Williams na Swarthmore wako Divisheni ya Tatu, ambayo haitoi ufadhili wa michezo hata senti, na wazazi wakisikia neno la tatu hudhani ni mpira wa kujifurahisha. Sivyo. Tufts, chuo chenye masomo mazito na kitivo cha uhandisi, kilichukua ubingwa wa Divisheni ya Tatu mwaka 2014, 2016, 2018 na 2019. Amherst iliuchukua mwaka 2015. Na mwaka 2022 Chuo Kikuu cha Chicago kiliuchukua kikiwa chini ya Julianne Sitch, mwanamke wa kwanza kuipa timu ya wanaume ubingwa wa taifa wa mpira wa vyuo. Vyuo vigumu kimasomo vyenye ufadhili wa mpira vipo, kama Stanford, Duke, Georgetown na Notre Dame, lakini Stanford ilikuwa bingwa wa Divisheni ya Kwanza mara tatu mfululizo kuanzia 2015 hadi 2017, na kijana wako atagombea nafasi huko na vijana ambao wengi wao wamekulia katika akademi za klabu kubwa. Isitoshe, hadi mwaka 2025 timu ya wanaume ya Divisheni ya Kwanza iliruhusiwa jumla ya ufadhili kamili 9.9 tu, na makocha waliugawa vipande vipande kwa kikosi kizima, kwa hiyo hata waliopewa wengi wao walipewa sehemu.

Sasa tuje kwenye uhandisi, ambao ndio utakaoipunguza orodha. Amherst, Williams na Bowdoin havina kitivo cha uhandisi. Vinafundisha fizikia na hisabati kwa kina kikubwa, na baadhi ya vyuo vya aina hiyo vina mpango wa miaka mitatu kwao na miwili katika chuo cha uhandisi, lakini kabla ya kuutegemea mpango huo ni lazima mtoto aulize kwa maandishi kama msaada wa fedha utamfuata anakokwenda. Swarthmore ina uhandisi ndani yake ingawa ni chuo kidogo. MIT, Princeton, Dartmouth na Tufts vinao. Harvey Mudd, karibu na Los Angeles, kinao pia, na wanafunzi wake huchezea timu moja pamoja na wenzao wa Claremont McKenna na Scripps. Kama ningekuwa mimi, ningeanza na Swarthmore na Dartmouth, kisha nikaweka Princeton na MIT juu kwa matumaini, nikijua kuwa MIT neno la kocha halina uzito mkubwa kama lilivyo kwingine.

Kwa kila chuo mtoto akae mbele ya kompyuta na afungue ukurasa wa kikosi cha timu. Pale pameandikwa jina la kila mchezaji, nafasi yake, mwaka wake wa masomo na alikotoka. Akikuta mabeki wa kushoto watatu, na wawili kati yao ni wa mwaka wa kwanza, basi hata akikubaliwa atakaa benchi mpaka wamalize. Akikuta mmoja tu, naye yuko mwaka wa nne, kocha huyo anatafuta mtu hivi sasa. Aangalie pia takwimu za msimu uliopita ajue wachezaji wa mwaka wa kwanza walipewa dakika ngapi. Kazi hii inachukua jioni moja kwa vyuo vitano, haina malipo, na inaeleza mengi kuliko wakala yeyote.

Kocha akijibu barua, mtoto asione haya kumuuliza wazi, kwa adabu: Je, mwaka huu unachukua wachezaji wangapi wa nafasi yangu? Je, utanitaja kwa ofisi ya udahili, na je, uko tayari kuwapa matokeo yangu wayasome kabla sijaomba? Makocha wengi wa vyuo hivi hupeleka alama za mchezaji zikasomwe mapema, kuanzia mwezi wa Julai kabla ya mwaka wa mwisho wa skuli, na jibu la usomaji huo ndilo linalotenganisha kocha anayemtaka mtoto na kocha anayemsifia tu. Swali jingine ambalo kwa mhandisi ni la lazima: mchezaji mwenye maabara mchana akiwa na mazoezi saa kumi hufanyaje? MIT, kwa mfano, haiweki vipindi vya shahada ya kwanza baina ya saa kumi na moja jioni na saa moja usiku, ili wanafunzi wapate nafasi ya michezo na shughuli nyingine. Kocha akijibu kuwa wachezaji wake kwa kawaida hukwepa uhandisi, huyo ameshakujibu swali lako la kuzama kwa masomo, na chuo hicho kiondoke kwenye orodha hata kama uwanja wake una nyasi kama zulia.

Kuna mambo matatu ya karatasi ambayo watoto wetu huangukia. La kwanza ni alama. Katika mtihani wa kidato cha nne alama A ya NECTA huanzia 75, na kidato cha sita huanzia 80, lakini Mmarekani akiona 76 hudhani ni mwanafunzi wa wastani. Mwalimu mkuu aambatanishe maelezo ya viwango vya alama na nakala ya matokeo, na aseme mtoto ni wa ngapi katika darasa la wangapi. La pili ni kipato chenu. Vyuo vingi vya aina hii hutumia fomu iitwayo CSS Profile, ambayo inauliza mapato ya familia kwa mwaka, na sisi wenye karafuu tunajua kuwa mwaka mmoja haumwelezi mtu: msimu ukikubali utaonekana tajiri, na ukikataa hakuna kitu. Zikusanye stakabadhi zako za mauzo ya karafuu za ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, za misimu kadhaa, andika hesabu ya duka hata kama ni ya daftari, chukua barua ya sheha inayotaja idadi ya wanaokutegemea, na andika maelezo mafupi ya namna mavuno yanavyopanda na kushuka. Sema kweli tupu katika kila mstari. Ofisi za msaada wa fedha zimezoea familia za wakulima na wavuvi, na hazishangai mapato madogo. Zinachotaka ni hesabu inayoeleweka.

La tatu ni ile klabu ya Unguja. Najua ni fahari kubwa kwa kijana wa Wete kuitwa na klabu inayocheza uwanja wa Amaan, na sitaki umzuie kufanya mazoezi nao. Lakini asisaini mkataba wa malipo. NCAA ilijengwa juu ya kanuni ya mchezaji wa ridhaa, na ingawa kanuni hizo zimelegezwa katika miaka ya karibuni, mkataba wa kulipwa na malipo yanayozidi gharama halisi za kucheza bado ni mambo yanayoweza kumletea matatizo. Nauli ya boti na chakula cha siku ya mechi ni jambo jingine; mgao wa fedha za mashindano ya mitaani uangaliwe kwa makini, na kila alichopokea kiandikwe. Vilevile asikae nyumbani miaka miwili baada ya kidato cha sita akicheza ligi huku akisubiri bahati, kwa kuwa Divisheni ya Kwanza huhesabu muda unaopita baina ya kumaliza skuli na kuanza chuo, na mchezaji wa mpira aliyechelewa kupita mwaka mmoja huku akishiriki mashindano huweza kupunguziwa misimu ya kucheza. Kocha wa Dartmouth au Princeton aulizwe mapema mtoto wa kidato cha sita Tanzania huhesabiwa amemaliza lini.

Kwa kalenda, mko pazuri. Maombi ya mapema ya vyuo vingi hufungwa tarehe 1 Novemba, na ya kawaida mwanzoni mwa Januari. Yote mawili humkuta mwanao akiwa kidato cha sita, kabla ya mtihani wa Mei. Matokeo ya Julai hupelekwa baadaye kuthibitisha. Baadhi ya vyuo vina maombi ya mapema ya kujifunga, ambapo mwombaji akikubaliwa ni lazima aende, na makocha hupenda sana mchezaji aombe kwa njia hiyo. Akubali tu pale ambapo chuo kinalipa pengo lote na ninyi mmeshaitumia kwanza hesabu ya makadirio ya msaada iliyoko kwenye tovuti ya chuo.

Ipo pia habari ya viza, nayo haifai kufichwa. Masharti ya viza za wanafunzi hubadilishwa kwa maagizo ya serikali ya Marekani, na raia wa Tanzania wameguswa na maagizo ya karibuni. Soma matangazo ya ubalozi wao wa Dar es Salaam kabla ya kulipa chochote kinachohusu safari, na hakikisha mtoto ameomba pia chuo kisichohitaji viza hiyo. Ubalozini hapo kuna huduma ya EducationUSA inayotoa ushauri wa vyuo. Ndiyo mahali pa kupeleka maswali yako badala ya kwa yule bwana.

SWALI: Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Fuoni, Unguja. Binti yangu yuko kidato cha tano, anasoma Fizikia, Kemia na Biolojia, na anacheza kiungo katika timu ya wasichana. Anavaa hijabu uwanjani na hana nia ya kuivua. Walimu wake wanasema anaweza kupata chuo kizuri nje. Mimi sina pingamizi na mpira, lakini naogopa atalazimishwa kuchagua baina ya timu na dini yake, hasa Ramadhani. Je, vipo vyuo vya wanawake watupu?

JIBU: Vipo, dada yangu, na ni vya daraja la juu kimasomo. Wellesley, Smith, Mount Holyoke na Bryn Mawr ni vyuo vya wanawake vyenye timu za mpira katika Divisheni ya Tatu, na vinajulikana kwa kuwapokea wasichana wengi kutoka nchi za nje. Wellesley hulipa pengo lote la mahitaji kwa wale inaowakubali. Smith ina uhandisi pia, iwapo ataelekea huko. Kwa msichana wa sayansi ya viumbe anayewaza udaktari, ajue mapema kuwa Marekani udaktari husomwa baada ya shahada ya kwanza, na skuli za udaktari za huko hupokea wanafunzi wachache sana wa kigeni. Kwa hiyo asichague chuo kwa kuamini kuwa kitamfikisha moja kwa moja hospitalini.

Kuhusu hijabu, vyombo vinavyotunga sheria za mpira duniani viliiruhusu rasmi mwaka 2014, na leo si jambo geni kumuona mchezaji aliyefunika kichwa. Nguo iwe ya michezo, inayobana bila ya pini. Bado binti amwambie kocha tangu barua ya pili, kwa sababu namna kocha anavyolijibu jambo hilo itamuonesha ataishi na mtu wa aina gani kwa miaka minne. Kocha anayejibu kwa kuuliza rangi gani ya hijabu itakayoendana na jezi ni tofauti na anayejibu kuwa wataliangalia jambo hilo akishafika.

Ramadhani nayo imekaa vizuri kwa kizazi hiki. Msimu wa mpira wa vyuo huanza mwishoni mwa Agosti na ligi nyingi humalizika Novemba, na baina ya mwaka 2027 na 2031 mwezi mtukufu utaangukia baina ya Disemba na mwanzoni mwa Machi, wakati ambao hakuna mechi za ligi. Yatakuwepo mazoezi ya ukumbini ya kujenga nguvu, na siku za kipindi cha baridi huko ni fupi, kwa hiyo saumu yenyewe ni nyepesi kuliko ya kwetu. Linalobaki ni chakula. Aulize kama bwalo la chuo lina nyama ya halali, na kama wanaofunga huwekewa chakula cha daku. Vyuo vyenye jumuiya ya wanafunzi Waislamu hujibu maswali haya kwa urahisi, na mwanafunzi mmoja wa jumuiya hiyo atakueleza mengi kuliko kitabu cha matangazo.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa michezo katika skuli ya sekondari, wilaya ya Mkoani. Nina vijana wawili wanaofanya vizuri darasani na uwanjani, lakini hatuna kamera wala mtu wa kututengenezea video. Je, makocha wa nje watawaonaje? Na wasipopata nje, hapa kwetu wachague nini bila ya kutupa mpira wao?

JIBU: Mwalimu mwenzangu, nianze na swali lako la pili, kwa kuwa jibu lake linawahusu vijana wengi zaidi. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam vina timu zinazoshiriki michezo ya vyuo vikuu, na kijana anayesoma Unguja anaweza kuendelea kuichezea klabu yake, jambo ambalo mwenzake aliyeko ng'ambo hana. Tangu mwaka 2023 kuna pia tawi la IIT Madras, chuo cha teknolojia cha India, hapa Unguja, la kwanza la vyuo vya IIT kufunguliwa nje ya India, ambalo limeanza na shahada ya sayansi ya data na akili bandia. Kuingia ni kwa mtihani wa mchujo na usaili, na mpira hauongezi hata alama moja. Kwa mwanafunzi wa hisabati ningeiweka juu kabisa ya orodha ya nyumbani, akijua kuwa jioni zake atazitafutia timu mwenyewe mtaani. Uingereza nako, Oxford na Cambridge hawaangalii mpira wakati wa kudahili, ingawa timu zao zimekuwa zikikutana uwanjani tangu miaka ya 1870; anayekwenda huko aende kwa masomo, na mpira ataukuta.

Ama video, simu inatosha. Makocha hawatafuti uzuri wa picha. Wanataka kuona mchezaji amesimama wapi wakati mpira uko upande wa pili. Kwa hiyo mpiga picha asikae mstarini akimfuata mwenye mpira. Apande juu, kwenye jukwaa la Gombani mkipata mechi huko, au juu ya ukuta au nyuma ya gari la wazi kijijini, aishike simu kwa upana, na aoneshe angalau nusu ya uwanja kwa wakati mmoja. Simu ifungwe kwenye fimbo isitikisike. Rikodini mechi nzima, dakika 90, pamoja na zile ambazo kijana alipitwa, kwa sababu kocha mzoefu huangalia alifanya nini baada ya kupitwa. Kisha kateni vipande vya dakika tatu au nne, na katika kila kipande simamisheni picha kidogo na muweke alama ya duara juu ya mchezaji kabla ya mchezo kuendelea, kwani kocha asiyejua jezi ya nani ni ipi hataangalia kipande cha pili. Muziki usiwekwe. Pandisheni YouTube kama video isiyoorodheshwa (unlisted), ambayo huonwa na mwenye kiungo tu, mkitumia intaneti ya usiku ambayo ni rahisi, na kiungo hicho kiende kwenye barua pepe.

Barua yenyewe aiandike kijana, si wewe wala mzazi, na iwe fupi. Katika kichwa cha barua aweke jina, nafasi anayocheza, mwaka atakaomaliza kidato cha sita na matokeo yake ya kidato cha nne. Ndani aeleze anataka kusoma nini na kwa nini chuo hicho, kwa sentensi inayoonesha kuwa amekisoma kweli, aweke kiungo cha video na jina lako wewe kama mtu wa kuulizwa. Makocha wa vyuo hivi hupokea barua nyingi mno, na wengi huanza kwa kutazama alama kabla ya kubofya video, kwa kuwa hawana faida ya kumpenda mchezaji ambaye ofisi ya udahili itamkataa. Asipojibiwa kwa wiki tatu, aandike tena akiwa na jambo jipya la kusema: matokeo ya muhula, mechi iliyorikodiwa, au tarehe aliyojiandikisha kufanya SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani. Wewe kwa upande wako andaa mapema barua ya kumtambulisha, ukieleza ratiba yake ya siku, umbali anaotembea kufika skuli, na mambo anayoyafanya timu inapofungwa, na uiweke tayari ili kocha akikuandikia usimkawize hata siku mbili.